Kisiwa Kilicho Karibu: Siku ya Matembezi kwa Watu wa Busia na Malaba

Mkazi wa Malaba akisema anatamani kwenda kisiwani, wenzake huelewa Lamu au Unguja. Kutoka mpakani hadi Mombasa peke yake ni zaidi ya kilomita 900. Mwenye duka la jumla hana wa kumwachia duka wiki nzima, na mwalimu wa Amagoro mwenye watoto wanne akipiga hesabu ya nauli huifunga hesabu hiyo mapema. Basi likizo huishia nyumbani, runinga ikiwaka.

Hata hivyo, Kaunti ya Busia ina fuo zake. Sio Port na Port Victoria zimo ndani yake, na mbele ya fuo hizo liko Ziwa Victoria, lenye ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 68,800. Kuna visiwa vya Kenya, vya Uganda na vya Tanzania, na baadhi yake mtu wa mpakani anaweza kuvifikia asubuhi na kulala kwake usiku huohuo. Vina mchanga, vina minazi mahali pengine, na vina historia ambayo vitabu vya shule huigusa kwa mistari michache tu. Kinachowaharibia wengi siku hiyo ni mpangilio. Wanachelewa kuondoka, wanataka visiwa vitatu kwa mchana mmoja, na wanaingia ziwani saa ambayo wenyeji wanatoka.

Ushauri wa kwanza, basi, ni kuchagua kisiwa kimoja. Kwa mwenye siku moja tu, Mageta katika Kaunti ya Siaya ndicho kinachofaa zaidi, kwa sababu barabara inamfikisha Usenge na kutoka hapo safari ya maji ni fupi. Kwa mwenye siku mbili, Rusinga katika Kaunti ya Homa Bay ina mambo mengi zaidi ya kuona, na haidai hata kupanda boti ukishafika Mbita, kwani daraja limeiunga na bara. Mfangano na Takawiri ni za mtu anayelala Mbita na kuamkia ziwani. Ndere, hifadhi ya taifa tangu 1986, inafikiwa kwa wepesi zaidi na aliyelala Kisumu.

Wapo wanaouliza Migingo, kwa kuwa jina lake lilivuma kwenye habari kuanzia 2009 Kenya na Uganda zilipoigombania. Migingo ni jabali dogo lililojaa vibanda vya mabati vya wavuvi, iko mbali upande wa Migori, na mgogoro wake umewapa askari wa doria kazi kwa miaka. Si mahali pa kupeleka watoto kutembea.

Saa za ziwa hazifanani na za mjini. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka bara kwenda ziwani na asubuhi maji ya karibu na ufuo huwa yametulia. Jua likipanda, ardhi hupata joto, upepo hugeuka na kuvuma kutoka ziwani, na kuanzia adhuhuri mawimbi hunyanyuka. Upepo huo ukikutana na hewa ya nyanda za juu, mawingu hujikusanya, na ndiyo maana watu wa Nyanza na Magharibi wamezoea mvua ya radi ya alasiri, hata katika miezi ambayo kalenda inaiita ya kiangazi. Mgeni anayefika Usenge saa sita mchana ndipo atafute boti amejichagulia saa mbaya kuliko zote. Anayetaka Mageta na aondoke Busia saa kumi na moja alfajiri, awe kwenye maji kabla ya saa nne, na awe amerudi bara kufikia saa tisa.

Kwa hiyo mtu wa Malaba ni heri alale Busia usiku wa kuamkia safari. Njia ya Adungosi na Alupe si ndefu, lakini saa moja inayopotea alfajiri ukitafuta matatu huja kulipwa ziwani mchana. Kutoka Busia gari hupitia Bumala hadi Ugunja, hugeuka kwenda Siaya, kisha Bondo, kisha Usenge. Anayetumia matatu ajiandae kubadilisha gari zaidi ya mara moja, na ajue kuwa siku za soko barabara hii hujaa mapema. Watu watano au sita wakichangishana kukodi gari dogo la siku nzima, huokoa muda mwingi, na gari hilo huwasubiri jioni.

Pesa ni za kushughulikiwa kabla ya kuondoka. Watu wa mpakani huishi na shilingi mbili mfukoni, ya Kenya na ya Uganda, na huzoea kwamba kila muuzaji anapokea zote. Ukishapita Bumala, shilingi ya Uganda haina kazi. Ibadilishe Busia mchana, uzihesabu noti mwenyewe mkononi kabla ya mbadilishaji kuondoka, na uombe noti ndogo ndogo. M-Pesa inatumika visiwani pia, ila mtandao hukatika na simu huishiwa chaji. Mwenye boti, mbeba mizigo na mama wa chai hufurahia zaidi noti ya mia kuliko maelezo.

Kuhusu boti, hapa pasiwe na haya wala haraka. Boti nyingi za abiria ziwani ni za mbao, ndefu, zenye injini ya nje nyuma, na abiria huketi kwenye mbao zilizopita ubavu kwa ubavu pamoja na makreti ya soda, magodoro na kuku. Ni usafiri wa kila siku wa wakazi na kwa kawaida hufika salama. Lakini ziwa hili limeua. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la kisiwa cha Ukara, huko Tanzania, na zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Kilikuwa kimebeba abiria wengi mno kuliko uwezo wake, na kilikuwa kimebakisha mita chache tu kufika. Wanaodhani safari fupi haina hatari wautazame mfano huo.

Jaketi okozi ni ya kuvaliwa. Kuikalia kama mto au kuitundika pembeni hakumsaidii mtu boti ikipinduka. Kila abiria awe na yake, na mtoto awe na inayomkaa, kwa sababu jaketi ya mtu mzima humtoka mtoto mara aingiapo majini. Ikiwa nahodha ana jaketi sita na watu ni kumi, subiri boti nyingine. Waulize maofisa wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, kinachojulikana kila mahali kwa herufi BMU, ni boti ipi imesajiliwa kubeba watu. Kila ufuo unaotambuliwa una ofisi yao au angalau banda. Patana bei kabla ya kukanyaga boti, na bei hiyo iwe ya kwenda na kurudi, saa ya kurudi ikitajwa, na nusu ya pesa ibaki mkononi mwako hadi urudi. Simu na kitambulisho vitiwe kwenye mfuko wa plastiki mgumu uliofungwa vizuri.

Katika fuo nyingi boti haifiki nchi kavu kabisa, na vijana hujitokeza kubeba abiria mgongoni kwa sarafu chache. Wageni wengine huona aibu, wakavua viatu na kujitosa. Afadhali kubebwa. Maji ya kina kifupi yenye majani na magugumaji ndipo wanapokaa konokono wa kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi bila mtu kuhisi kitu. Kwa sababu hiyohiyo watoto wasiachwe wacheze ukingoni ilhali wakubwa wanapiga picha. Vichaka vya mafunjo navyo vina viboko na mamba; waulize wenyeji wapi pana usalama na uwaamini wanapokukataza.

Jambo jingine ambalo picha za zamani hazisemi: mnamo Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimepimwa hadi wakati huo, kikaipita rekodi ya 1964. Fuo kadhaa, gati na hata nyumba za wageni zilimezwa na maji, Budalang'i ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Ufuo uliousikia ukisifiwa na aliyetembea mwaka 2015 huenda leo una sura nyingine. Piga simu uulize kabla ya kulipia chumba.

Sasa Mageta yenyewe. Baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, maelfu ya watu walioshukiwa kuwa Mau Mau waliwekwa kizuizini bila kesi, na Mageta pamoja na jirani yake Saiyusi vikageuzwa kuwa kambi. Mtu aliyetolewa Nyeri au Murang'a na kuletwa huku alikuwa na maji pande zote, lugha asiyoijua ufuoni, na familia isiyo na habari yuko wapi. Ukikaa juu ya kilima cha kisiwa hicho ukatazama maji yanavyoizunguka ardhi, unaelewa kwa nini walipachagua. Hakuna maonyesho ya kisasa wala vibao vya kukuongoza. Ndiyo sababu ni muhimu kutafuta mwongozaji mwenyeji, ikiwezekana mzee, umlipe vizuri na umpe muda wa kueleza. Nusu ya thamani ya Mageta imo katika masimulizi ya watu wake, na wazee hao hawataishi milele.

Mchana ukibaki, njiani kurudi ipo Got Ramogi, kilima chenye msitu karibu na Usenge. Masimulizi ya Wajaluo yanasema hapo ndipo Ramogi na watu wake walipofanya makazi yao ya kwanza walipoingia nchi hii. Waganga wa mitishamba bado huchuma dawa katika msitu huo. Ni mahali pa heshima, kwa hiyo ingia na mwenyeji na usikate kitu. Asiye na nguvu za kupanda kilima asimame Bondo, nyumbani kwa Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, ambaye kaburi lake liko katika boma lake la Nyamira Kang'o.

Rusinga inadai usiku mmoja Mbita, na inastahili. Kutoka Busia njia inayopendeza hupitia Siaya na Ndori hadi Luanda Kotieno, ambako feri hubeba magari na watu kuvuka mlango wa Ghuba ya Winam hadi Mbita kwa muda wa saa moja hivi. Kwa watoto wengi, feri yenyewe ndiyo siku. Simama kwenye sitaha, upande usio na jua, na uone jinsi milima ya Gembe na Gwasi inavyojitokeza. Ratiba hubadilika, kwa hiyo iulizwe siku moja kabla, na gari lifike kwenye foleni mapema. Asubuhi yake, ukiwa Mbita, kisiwa kiko ng'ambo ya daraja. Zamani palikuwa na tuta la mawe lililojengwa miaka ya 1980, ambalo liliziba mkondo wa maji kati ya kisiwa na bara. Daraja lililochukua nafasi yake limeyafungulia njia.

Watu wengi huenda Rusinga kwa ajili ya Tom Mboya. Kaburi lake liko Kasawanga, ndani ya jengo lililopewa umbo la risasi, na ndani yake mna picha na kumbukumbu za maisha yake. Mboya alizaliwa mwaka 1930 karibu na Thika, kwa wazazi waliotoka Rusinga na kufanya kazi katika shamba la mkonge. Akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi akiwa kijana, kisha waziri, na akauawa kwa kupigwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na umri wa miaka 38. Familia nyingi za Kenya zinamkumbuka kwa safari za ndege za wanafunzi kwenda Marekani; ya kwanza, Septemba 1959, ilibeba vijana 81. Mzazi mwenye mtoto wa sekondari asiharakishe hapa. Mtoto asome maelezo yaliyo ukutani mwenyewe, aulize maswali, na apewe muda wa kuandika. Hii ni historia iliyo hai, na walinzi wa mahali hapo huwa tayari kuzungumza.

Kisiwa hichohicho kina jambo la kale zaidi ya siasa zote. Mwaka 1948 Mary Leakey aliokota huko vipande vya fuvu la sokwe wa kale aliyeitwa Proconsul, aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Wataalamu bado huja kuchimba, kwa kuwa majivu ya volkano ya Kisingiri yaliyahifadhi mabaki ya wanyama na hata majani. Mgeni asiyeongozwa hataona chochote ila mawe na vichaka, kwa hiyo mwongozaji ni lazima. Na jiwe lolote lenye sura ya mfupa liachwe pale lilipo, maana kuokota mabaki ya kale bila kibali ni kosa la kisheria.

Wenyeji wa visiwa hivi ni Wasuba, ingawa leo wengi wao huzungumza Kijaluo. Mababu zao walivuka maji wakitoka upande ambao sasa ni Uganda. Msamia au Mnyala wa Busia atasikia majina ya koo na ya vitu yaliyo jamaa na ya kwao, na mara nyingi mazungumzo hayo ya ukoo ndiyo humfungulia mgeni milango. Huko Mfangano yapo makumbusho ya jamii ya Abasuba, na kuna michoro ya miambani ya Kwitutu na Mawanga, duara ndani ya duara kwa rangi nyekundu na nyeupe, inayohusishwa na watu wa kale wa Batwa. Mtu wa Malaba atakayeiona atakumbuka Kakapel, mwamba wenye michoro ulio katika vilima vya Chelelemuk, Teso Kaskazini. Kama hajawahi kufika Kakapel, ambayo iko jirani yake kabisa, basi aanze huko Jumamosi moja kabla ya kwenda mbali. Takawiri, kwa upande wake, ni ya mchanga mweupe, minazi na kupumzika. Haina mengi ya kueleza, na kwa wachovu hilo latosha.

Chakula kinahitaji kupangwa. Samaki wa kisiwani huvuliwa usiku au alfajiri, na hoteli ndogo haimweki kwenye barafu akikusubiri. Ukifika, agiza kabla ya kuanza kutembea: ngege mzima wa kukaanga au wa mchuzi, ugali na sukuma wiki, na utaje saa utakayorudi kula. Atakayeagiza akiwa na njaa atangoja saa nzima, huku boti nayo ikimngoja yeye. Maji ya kunywa yatoke bara. Ufuoni utaona omena zimetandazwa juu ya nyavu kuukuu, zikimeta, na akina mama wakizipindua kwa ufagio ili jua lizipate pande zote; mvua ikinyesha kabla hazijakauka, hasara ni yao. Kwa hiyo usizikanyage ukitafuta picha nzuri, na usimpige mtu picha kazini bila kumsalimu na kumwomba ruhusa. Nunua debe au nusu debe kwake moja kwa moja. Kati ya Aprili na Julai, uvuvi wa omena kwa kawaida hufungwa upande wa Kenya ili samaki wazaliane, na anayetaka kuona taa za wavuvi zikitapakaa ziwani usiku achague miezi mingine, na usiku usio na mbalamwezi.

Inabaki Sigulu, kisiwa kikubwa kilicho mbele ya Port Victoria, upande wa Uganda. Kwa macho kiko karibu, na vijana wa ufuoni watakuambia boti inafika mara moja. Ni ushauri wa kukataa. Mpaka uliomo ndani ya maji hauna kibao, na wavuvi wa Kenya wamekamatwa mara kwa mara na doria za Uganda kwa kuuvuka. Mtalii asiye na muhuri hana la kujitetea. Anayetaka Sigulu apite kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kile kilichozinduliwa na marais wa nchi mbili Februari 2018, aonyeshe kitambulisho chake cha taifa, apate hati ya kupita, kisha aende Namayingo kwa barabara na kutafuta boti huko. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huulizwa pia, na mwenye gari atahitaji bima inayotambulika ng'ambo. Hayo yote huchukua asubuhi nzima, hivyo Sigulu isipangwe kuwa safari ya siku moja.

Na safari haijaisha mtu anaposhuka matatu pale Busia. Aliyeogelea au kukanyaga maji ya ukingoni, hata kama hajisikii mgonjwa, aende hospitali ya rufaa ya kaunti au kituo cha afya kilicho karibu naye wiki sita hadi nane baadaye, aeleze kwamba alikuwa ziwani, na aombe kipimo cha kichocho cha tumbo, ambacho hupimwa kwa choo. Dawa yake ipo, humezwa kulingana na uzito wa mwili, na watoto ndio wapelekwe kwanza.